Sinema Mbovu: Nilishinda Mjadala, Lakini Nusu Nilikosea



Nianze kwa kuungama, maana anayetaka kutoa maoni juu ya wengine hana budi kujitaja yeye kwanza. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne, umri wangu miaka 19. Huimba katika kwaya, na mwaka huu jina langu halijaandikwa katika kitabu cha adhabu. Hata hivyo napenda sana sinema mbovu.

Simaanishi sinema za uchafu, zile ambazo mtu huzitazama kwa kujificha. Hizo sina haja nazo. Namaanisha zile zilizotengenezwa upesi na kwa fedha kidogo ili kuwavuta watu kwa damu, uchawi, majini na mabunduki, kisha zikatoka vibaya hata pale palipokusudiwa kutisha watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Mtu anapigwa risasi ya kifua, anaanguka chini, amekufa. Mara nzi anamtua puani, naye maiti anapepesa macho. Jini ametoka kaburini alikolala miaka mia, na mkononi amevaa saa. Mambo kama hayo.

Kwetu ni Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe. Zamani za utawala wa Dkt. Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza, na wazee hueleza kwamba jina lenyewe kwa Kichewa lina maana ya mtu kusema, "Sitarudia tena." Tangu 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi, nasi tulifika hapo kutoka Uvira nilipokuwa mtoto mdogo. Basi kila Jumamosi ya likizo, nitokapo katika kibanda cha video, macho mekundu kwa giza na masikio yakivuma kwa spika, husema moyoni jina la kambi yetu: Dzaleka, sitarudia tena. Na Jumamosi ifuatayo nipo palepale, benchi la mbele.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya nishike kalamu. Mwezi wa Oktoba, chama chetu cha mjadala kilileta hoja hii: kwamba sinema za kipuuzi zipigwe marufuku katika mabweni na katika ukumbi siku za Jumamosi. Nilichaguliwa kuipinga hoja hiyo. Nilizungumza dakika kumi, nikapigiwa makofi mengi, na kura zilipohesabiwa upande wetu ulishinda. Hayo wengi wenu mnayakumbuka. Msilolijua ni kwamba likizo ya Krismasi ilinionyesha kuwa nusu ya maneno yangu yalikuwa kweli, na nusu yalikuwa upepo. Nimeona si haki kuwaacha na makofi yale bila kuwaambia yaliyofuata.

Kwanza nirudie yale ambayo hata leo nayasimamia.

Nilisema ya kuwa kila kizazi hukemewa kwa ajili ya sinema zake. Serikali ya Kiingereza ilianzisha mwaka 1948 idara ya kutengeneza sinema kwa ajili ya Rhodesia mbili na Nyasaland, ambayo ndiyo Malawi yetu ya leo. Sinema zake zilikuwa za kufundisha: kilimo bora, usafi, faida ya kutii. Watu walizitazama, lakini hazikuwa ndizo walizozililia. Katika miji ya machimbo ya shaba, huko ambako sasa ni Zambia, wachimbaji na watoto wao walitaka sinema za Cowboy. Mashujaa wa sinema hizo waliwaita wote kwa jina moja, Jack, wakapiga kelele ukumbi mzima pindi shujaa alipoingia na farasi wake. Wakubwa waliogopa kwamba watu wataharibika. Hapa Malawi nako sheria ya kuchuja vitabu na sinema ilipitishwa mwaka 1968, na televisheni ya taifa haikuanza mpaka 1999. Vijana wa Jack leo ni babu zetu, nao ndio wanaotukemea sisi.

Nilisema pia kwamba tusidhani mtengenezaji wa sinema mbovu ni mjinga. Huko Marekani palikuwa na mtu aitwaye Ed Wood, aliyetengeneza Plan 9 from Outer Space, iliyotolewa mwaka 1959. Mchezaji wake mashuhuri, Bela Lugosi, alikufa mwaka 1956, akiwa amepigwa picha chache tu. Bwana Wood hakukata tamaa. Alimtafuta mtu mwingine, mrefu kuliko marehemu na asiyefanana naye hata kidogo, akamwambia apite mbele ya kamera akiwa amejifunika uso kwa joho! Watu wanamcheka mpaka leo. Lakini na wanaomcheka hawaachi kuitazama, na sinema nyingi nzuri za mwaka ule zimesahauliwa.

Na kwa nini twende mbali? Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, yupo Isaac Nabwana. Utotoni hakwenda sinema. Kaka zake ndio waliokwenda, wakarudi kumsimulia, naye akazijenga kichwani mwake. Alipokuwa mtu mzima alifyatua matofali apate fedha za kamera, akajifunza kutengeneza kompyuta, akaanza kupiga picha na majirani zake. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, ambayo inasemekana gharama yake haikufika dola 200 za Kimarekani. Bunduki ni za mabomba na vipande vya mbao. Helikopta zinazopiga mji zinaonekana wazi kuwa ni michoro ya kompyuta. Juu ya yote iko sauti ya msimulizi, VJ Emmie, anayewatania wachezaji huku wakipigana. Kapteni Alex anauawa mapema, na mpaka mwisho hutaambiwa nani alimwua! Lakini sinema nyingine ya Nabwana, Crazy World, ilionyeshwa mwaka 2019 katika tamasha kubwa la Toronto, huko Kanada. Nikauliza ukumbi: ni nani kati yetu ambaye kwa fedha za matofali amefika Toronto?

Wasimulizi nao niliwatetea. Katika kibanda chetu sinema nyingi huja na sauti ya Kiswahili juu yake. Dar es Salaam alikuwako Lufufu, na Kenya yupo DJ Afro. Watu hawa hawatafsiri tu. Huwapa wachezaji majina ya mitaani, hueleza njaa ya adui, humgombeza shujaa akichelewa. Sinema ya Hong Kong ikipita kinywani mwao hugeuka hadithi ya jirani. Bibi zetu walisimulia hadithi usiku kwenye moto. Hawa husimulia kwenye taa ya televisheni.

Hoja yangu ya mwisho ndiyo iliyoleta makofi, nayo ilimhusu baba yangu. Baba aliiona vita huko Kivu kwa macho yake. Ikiwekwa sinema ya vita iliyotengenezwa vizuri, yenye milio ya kweli na vilio vya kweli, huinuka bila neno, akatoka nje, akasimama kwenye mti mpaka iishe. Hatumwulizi. Lakini tulipomwonyesha Kapteni Alex alicheka mpaka akatoa machozi. Askari mmoja alipopigwa risasi akaruka hatua tatu nyuma kama mwanasarakasi, baba alisema, "Huyu hajapigwa hata kofi maishani." Nikawaambia wenzangu: sinema nzuri inamrudisha baba mahali alipopakimbia, sinema mbovu inamwachia nafasi ya kupumua. Mnataka kumpiga marufuku ya kucheka?

Hapo nikakaa chini. Sikujua kwamba saa ileile nilipokuwa nikipigiwa makofi, jambo lilikuwa limekwisha kuanza nyumbani kwetu.

Likizo ya Agosti, kabla ya kurudi Dzaleka, nilipita soko la Tsoka pale Lilongwe, nikajaziwa sinema katika kadi ya simu. Mojawapo ilikuwa ya uchawi. Mnazijua za namna hiyo. Tangu Living in Bondage ya Nigeria, mwaka 1992, ambamo mume anamtoa mkewe kafara apate utajiri, zimetengenezwa nyingi kupita hesabu, na Tanzania nako Mussa Banzi alitoa Shumileta mwaka 2005, kuhusu jini wa kike. Hii yangu ilikuwa mbovu kuliko zote. Mchawi wake ni bibi kizee mwenye jicho moja jeupe, lililobandikwa kitu kama karatasi, na usiku huruka katika ungo. Ungo wenyewe unaning'inia kwa kamba! Kamba inaonekana, na kivuli cha anayeivuta kinaonekana ukutani. Tulicheka, mimi na rafiki zangu, tukairudia sehemu ile mara kumi. Mdogo wangu wa miaka tisa alikuwa amekaa nyuma yetu, karibu na mlango. Niliporudi shule niliiacha kadi nyumbani.

Mwezi wa Desemba, asubuhi ya pili ya likizo, mama alinituma kununua mandazi kwa kikongwe mmoja anayeuza karibu na bomba la maji. Sisi watu wa Kongo humwita bibi koko, na huyu tangu tufike kambini tunamwita hivyo, ingawa si ndugu yetu. Koko ana mtoto wa jicho. Jicho lake la kushoto lina ukungu mweupe. Ilikuwa saa tatu, na kwa kawaida saa hiyo beseni lake huwa tupu. Siku hiyo lilikuwa limejaa.

"Shikamoo, koko. Leo umechelewa kukaanga?"

"Marahaba, mwanangu. Sikuchelewa. Watoto hawaji tena."

Hakusema zaidi. Nyumbani nilimwuliza mdogo wangu, naye akanijibu bila kusita, kama mtu anayejibu swali la hesabu: "Koko ndiye yule wa kwenye sinema yako. Ana jicho lile." Kidogo kidogo nikajua yote. Watoto wa mstari wetu walikuwa wakimkimbia. Jioni walitupa mawe juu ya bati lake kisha wakajificha. Na si watoto peke yao: mama mmoja, mtu mzima, alikuwa amewakataza wanawe wasile chochote kitokacho mkononi mwa koko, akisema kwamba watoto huona mambo ambayo sisi hatuyaoni.

Ndugu zangu, msiseme kwamba hayo ni mambo madogo ya watoto. Katika nchi hii tuliyomo iko sheria ya tangu 1911 inayokataza kumwita mtu mchawi, na bado wazee wanauawa kwa neno hilo. Mwezi wa Januari 2016, katika wilaya ya Neno, msichana alipigwa na radi akafa, na umati wa watu ukawaua wazee wanne kwa kudai kwamba ndio walioituma radi hiyo. Wazee wale hawakuwa na ungo wala kamba. Walikuwa na uzee tu.

Usiku ule nilimkalisha mdogo wangu karibu nami, nikafungua sinema ile, nikaisimamisha pale mchawi anaporuka. Nikamwambia, "Tazama juu ya ungo. Unaona nini?"

Akatazama muda mrefu. "Kamba," akasema. Kisha akaniuliza, "Kumbe mlikuwa mnaicheka kamba?"

"Wewe ulidhani tunacheka nini?"

"Nilidhani mnacheka ili msiogope."

Tangu siku hiyo maneno hayo hayajaniacha. Tulikuwa chumba kimoja, tunatazama picha moja, nasi tuliona vitu viwili mbalimbali. Mimi niliona kamba, yeye aliona ungo unaruka. Kicheko changu, badala ya kumwambia kwamba mambo hayo ni uongo, kilimwambia kwamba hata kaka yake mkubwa anaogopa.

Kesho yake tulikwenda kwa koko, yeye kabeba ndoo ya maji, mimi nimebeba aibu. Nilimweleza yote, pamoja na kwamba sinema iliingia kambini kwa mkono wangu. Nilitumaini atacheka, maana ni mtu wa mzaha. Hakucheka. Alimwuliza mdogo wangu jina la darasa lake, akampa andazi, kisha akanigeukia akasema, "Na wewe msomi ulikuwa umekaa wapi mtoto alipokuwa anaitazama?" Nilikuwa nimekaa mbele yake, nimempa mgongo. Sikuwa na jibu.

Basi ndipo nilipoyatafuta makosa katika hotuba yangu. Nilisema kwamba uongo wa sinema mbovu hauna madhara kwa kuwa kila mtu anauona. Si kweli. Baba anaucheka uongo wa bunduki kwa sababu bunduki ya kweli anaijua. Mimi naucheka uongo wa mchawi kwa sababu najua namna picha zinavyopigwa, na kwa sababu koko nimemjua miaka mingi. Mtu hucheka kwa ujuzi alio nao. Asiye na ujuzi huo hachekeshwi; anafundishwa. Mdogo wangu alifundishwa saa nzima na dakika arobaini kwamba kikongwe mwenye jicho jeupe hula watu, na mwalimu alikuwa mimi.

Jambo la pili nililolisahau ni kwamba baadhi ya sinema hizi zina hila tangu mwanzo. Huko Marekani mwaka 1936 palitengenezwa sinema ya kuwaonya wazazi juu ya bangi, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Reefer Madness. Wafanyabiashara waliichukua wakaizungusha mijini. Kwa mdomo ilisema, "Jihadharini," na kwa macho iliwaonyesha watu yaleyale waliyolipia kuyaona. Ilitia chumvi hata katika miaka ya 1970 wanafunzi wa vyuo vikuu wakaigeuza kichekesho. Sinema nyingi za uchawi hufanya vivyo hivyo. Mwishoni huja mchungaji, anaomba, mchawi anaungua, na sote tunaambiwa kwamba tumefundishwa dini. Lakini hesabu dakika: mchungaji amepewa tano, mchawi amepewa tisini. Na hata katika hizo tano, anayeungua ni kikongwe.

Je, sasa nahamia upande wa pili? La. Kama tungezipiga marufuku shuleni, zingeingia chini ya godoro, katika simu, na kila mtu angezitazama peke yake. Huko peke yake ndiko hasa mdogo wangu alikokuwa, ijapokuwa chumba kilijaa watu. Lililokosekana ni mtu wa kumwambia kwa sauti, "Tazama kamba." Kibandani kazi hiyo hufanywa na msimulizi. Ndiyo maana naona sasa kwamba wasimulizi wana thamani kuliko nilivyosema mwezi wa Oktoba: yule anayemtania mchawi, akamwuliza ungo wake umelipiwa ushuru, anamvua mchawi nguvu zake mbele ya watoto mia. Nyumbani mimi ndimi niliyepaswa kuwa msimulizi, nami nilinyamaza nikicheka.

Kwa hiyo naleta maoni matatu, nanyi myapime. Kwanza, chama cha mjadala kiifungue tena hoja ile, nami niko tayari kusimama na kusema kwamba kura yetu ilisimama juu ya mguu mmoja. Pili, Jumamosi ikionyeshwa sinema ya namna hii ukumbini, awepo mwanafunzi wa kidato cha juu wa kuisimulia, na baada yake tukae dakika kumi tuulizane imetengenezwaje na inamsingizia nani. Wenye bunduki za mbao hawamsingizii mtu. Wenye vikongwe wachawi wanawasingizia watu ambao tunawapita kila siku njiani. Tatu, na hili ni kwetu sisi tunaotoka mjini na kadi zilizojaa: unapofika nyumbani usikae benchi la mbele. Kaa nyuma, karibu na mlango, alipo mdogo wako.

Mtapenda kujua habari za koko. Mdogo wangu na wenzake wanne sasa humchotea maji kwa zamu, na mawe juu ya bati yamekwisha. Siku moja niliwapa simu watoto wale wakapiga sinema yao wenyewe, wakatia unga usoni, wakamfunga mmoja kamba kiunoni, wakagombania nani awe wa kuivuta. Ni sinema mbovu kuliko zote nilizowahi kuona, nami nimeitazama mara nyingi. Lakini yule mama wa mstari wetu bado hawaruhusu wanawe wale mandazi. Nilipoondoka Januari kurudi shule, ilikuwa saa mbili na nusu; nilipita bombani, na beseni la koko lilikuwa limebaki nusu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne